Patasi Mpya ya Karakana ya Kaka

Jumatano, 3 Julai 2024

Upepo tangu asubuhi, baridi ya kuuma masikio. Nimekwenda mjini kutafuta patasi. Mama nimemwambia nafuata sabuni.

Mashine ya kukereza ya kaka Kasimiri, ile inayozungusha mti uuchonge, imefunikwa turubai tangu Pasaka. Siku ile patasi ilinasa kwenye mti, kibanzi kikamwingia jicho la kushoto. Haoni tena upande huo. Patasi zake akazitumbukiza chooni. Anakaa barazani tu, hata redio hataki. Mama anataka mashine iuzwe. Mimi nataka kukereza kalamu. Kwa nini nina haraka hivi, sijui.

Atusaye, muuza vifaa, alinionyesha za aina mbili. Moja ina kisu kidogo cha mraba mbele, makali yakiisha unakigeuza. Hainolewi. Nyingine patasi ya kawaida yenye mfereji. Akasema ile ya kwanza inamvumilia anayejifunza — ila visu vyake mpaka uagize Dar. Nikashika, nikarudisha. Nikatoka dukani, nikarudi. Nimechukua ya mfereji. Na miwani ya kukinga macho.

Ijumaa, 5 Julai

Mama kaenda msibani Laela. Nimetoboa kipande cha mninga, nikagundisha ndani mrija wa shaba wa kupitisha wino, nikawasha. Patasi imeruka. Mti umepasuka vipande. Wa pili vilevile. Nimejaribu kuinoa, nadhani nimezidi kuifanya butu.

Chakula cha kaka nimekisahau hadi jioni. Hakuuliza. Ila kiti chake kimesogea — kipo karibu na ukuta wa karakana.

Jumamosi, 6 Julai

Leo amesema. Kutoka nje, ukutani.

“Hiyo inakwaruza, haikati.”

Nikazima. “Kaka?”

Sauti yake tena: “Mgongo wa patasi uguse mti kwanza. Ndipo uinue mpini, kidogo kidogo.”

Nikafanya hivyo. Maranda yakatoka marefu, membamba kama maganda ya kitunguu. Nikacheka peke yangu. Nikatoka mbio nimwonyeshe — kiti kitupu. Yuko chumbani, kajifunika gubigubi.

“Usiwashe tena nikiwa hapa,” akasema.

Sasa alinielekeza ya nini?

Jumapili, 7 Julai

Kanisani sikusikia neno. Vidole vinapapasa ukingo wa benchi, vinatafuta palipokwaruza.

Jumatatu, 8 Julai

Mama karudi. Kaona vumbi la mbao nyweleni mwangu. Hakufoka, afadhali angefoka. Kasema taratibu, “Luciana, mmoja ametosha.”

Nikamwekea kalamu mezani. Nimeimaliza jana jioni, kaka alipotoka kwenda kwa jirani. Imepinda kidogo lakini inaandika — ndiyo ninayoandikia. Mama hakuigusa. Kaka akaichukua, akaipitisha shavuni polepole.

“Hapa ulikandamiza,” akasema. Akanirudishia. “Miwani iko wapi?”

Nikampa. Mama akasimama mlangoni kumzuia. Kaka akasubiri, hakumsukuma, mpaka mama mwenyewe akasogea.

Amejifungia ndani ya karakana. Nimekaa kizingitini, daftari magotini. “Mtoe,” mama ananiambia. “Mtoe mwenzio.” Nimegonga.

Mashine imewaka. Imezimwa.

Namsikia akivuta pumzi.

Imewaka tena. Mama amekaa chini kando yangu, kanishika bega kwa nguvu. Hasemi tena nimtoe.