Nimemtema Abdulhadi

Evaline, upo? Usipige, siwezi kuongea.

Nimemtema Abdulhadi. Mimi. Kwa mdomo wangu huu.

Si nilikuambia jana chuo kimenipa ukocha mkuu? Kumbe kazi ya kwanza ni kupunguza kikosi! Wachezaji wapo ishirini na wanne, ligi ya vyuo hapa Guangzhou inataka ishirini na watatu. Mmoja tu, Evaline. Na goti lake halijapona, kila mtu anaona.

Ndiye aliyezunguka mabweni yote kukusanya sahihi ili nipewe mimi kazi hii. Yeye!

Sasa sikia ujinga wangu. Nilipokuwa msaidizi, kocha alikuwa anasoma majina, mimi namfuata aliyetemwa, nakaa naye kwenye ngazi za jukwaa mpaka atulie. Leo nimesoma majina, halafu nikamfuata mwenyewe! Mazoea! Nikamwekea mkono begani.

Akautoa. Polepole, wala hakukasirika.

Akavua jezi, akaikunja, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Asante, laoban."

Laoban! Miaka minne ananiita kaka Salva. Leo kaniita kama tunavyowaita mabosi wa viwanda kule Xintang tukitaka watupunguzie bei ya jinzi.

Jezi ninayo hapa mapajani, bado ina jasho lake.

Yeye kakaa kwenye ngazi zilezile na msaidizi wangu mpya. Nawaona kutoka huku. Kajiinamia, analia, na mkono ulio begani kwake si wangu.