Fungu la Mgeni

Chiku mwanangu,

Tangu Ijumaa ile ya Mfungo Sita, akida alipomtoa mama yako kitandani na homa yake akapalilie minazi, akarudishwa maiti, mimi sioni cha kutosha humu ndani.

Leo ni zamu yangu kwenye minazi hiyohiyo. Muhogo umo kapuni. ~~Fungu la mgeni usipike.~~ Lipike.

Asubuhi nilikufokea kwa kutenga fungu hilo kwa yeyote atakayebisha hodi, nikasema mgeni mwenyewe hajazaliwa. Ukanijibu huku unanyonyesha mapacha, "Chakula kipo, baba, na kitabaki," kama mama yako alivyokuwa akisema juu ya chungu kitupu. Nikatoka uani nisilie mbele yako.

Lakini niambie: akida mwenye minazi yote ile alipungukiwa na nini, hata amwite mgonjwa?

Baba yako