Nambari Aliyoing'oa Guyo

Isiolo, Jumamosi

Tena kwa bisibisi! Kaka yangu Guyo ameng'oa ile nambari ya modeli, 190, kwenye buti ya gari ya marehemu Baba. Kesho anaenda Kinna kuposa, na anataka kubandika 300, nambari ya gari kubwa zaidi, aliyonunua sokoni. "Wakwe watajua nini?" akaniambia, huku anacheka.

Wazee wa Kinna wanaijua hii gari kama wanavyojua ng'ombe wa jirani!

Baba alinisimulia mara ngapi, sisi wawili tukiwa chini ya gari hii, mafuta mpaka kwenye viwiko? Wajerumani walihangaika miaka kutengeneza gari ndogo yenye heshima ya kubwa. Kwa injini yake ya lita mbili ingeitwa 200, lakini jina hilo tayari lilikuwa la gari lao kubwa, kaka yake. Wakaiita 190. "Huyu hakunyang'anya mtu jina," Baba alikuwa akisema, "na barabara mbovu ya Merti anaimaliza."

Guyo hajawahi kubadilisha hata plagi.

Nimepiga magoti nikaokota nambari zetu. Sifuri imevunjika. Pale zilipokuwa, rangi haijachomwa na jua, na 190 bado inasomeka.

Sawa. Abandike 300 yake, kisha aisukume mpaka Kinna. Ufunguo ninao mimi.