Baruti Uliyoimimina Mara Mbili

Mzee wangu Mbwana,

Barua hii haianzi na shikamoo. Sijamwamkia mtu yeyote shikamoo tangu tulipokuzika, na Watanzania wenzetu hapa Dubai wameshaanza kusema Kalunde ameota mapembe. Waache waseme. Neno lenyewe likinifika mdomoni namwona mtu anainua kichwa kutoka kwenye kazi yake ili anijibu, na mtu huyo ni wewe.

Nakuandikia nikiwa jikoni kwa Madam, saa nne asubuhi, mchuzi uko motoni. Kupitia dirisha hili naona mlango wa chumba chako cha uani. Umefungwa, lakini bado nakusikia humo ndani. Husemi kitu, ni ule mlio wa mashine yako ya mkono ya kufungia risasi tu: ka, kimya kidogo, ka. Nikifunga bomba nisikilize vizuri, hakuna kitu. Nikifungua bomba nioshe vyombo, unaanza tena. Nilimwambia Mutua, yule Mkenya wa getini, akacheka, akasema, "Sister, wewe pumzika bana."

Miaka sita ulimshindilia Sir, mume wa Madam, risasi zake za marisaa, za kupigia vile visahani vya udongo shambani kwake jangwani kila Ijumaa. Vibali vilitundikwa ukutani, na wewe ukavifuta vumbi kila wiki. Za dukani Sir hakuzitaka, alisema hazina adabu, anataka za mkono wa Mbwana. Nawe ulivimba kichwa, usikatae! Ulikuwa ukitembea Al Barsha nzima kifua mbele, mzee wa Pangani ambaye arbab, bosi mwenyewe, hapigi bunduki bila yeye.

Mimi nilianza kwa kukuletea chai tu. Kisha ukanipa kazi ya kuchambua maganda ya risasi yaliyokwisha kupigwa, nitoe yaliyopasuka. Ukanivalisha miwani mikubwa, nikajitazama kwenye kioo, nikasema mbona nafanana na mafundi wa kuchomelea kule Ras Al Khor. Ukasema, "Fanana nao, ila ubaki na macho."

Unakumbuka ule mkebe wa kahawa? Mimi na usafi wangu wa kujipendekeza, nilikuta baruti kidogo imebaki kwenye kopo, nikaimimina kwenye mkebe wa kahawa uliokuwa mtupu ili kopo lisijaze meza. Lahaula! Sijawahi kukuona hivyo. Ulinishika bega ukaniuliza, "Hii baruti inaitwaje? Utaijua kwa macho? Ya kuwaka polepole ni chembe nyeusi, ya kuwaka haraka nayo ni chembe nyeusi. Utajuaje?" Ukautoa mkebe ukaenda kuuharibu mwenyewe, ukaninunia siku mbili. Tangu hapo mezani ikakaa baruti ya aina moja tu, ndani ya kopo lake lenyewe lenye jina lake, na nyingine zote kabatini kwa ufunguo.

Na kile kitabu chako! Kazi umeifanya miaka yote hiyo, lakini kabla ya kugusa mizani unakifungua na kusoma kipimo kwa kidole, neno kwa neno. Nikakutania kwamba sasa unasoma kama mtoto wa chekechea. Ukasema kichwa chako kina majina ya wajukuu kumi na mmoja na hakijawahi kumchanganya hata mmoja, lakini kipimo cha baruti hukiamini kichwa hicho.

Sheria uliyoishikilia kuliko zote ilinichekesha sana mwanzoni. Ulisema, "Hapa mezani hakuna shikamoo. Ukinikuta nimeshika kijiko cha baruti, simama hapo mlangoni ukae kimya, hata kama umetoka Makka." Niliona ajabu. Mzee mzima wa Pangani anakataza kuamkiwa! Ukanieleza kwamba shikamoo ni neno moja ambalo mtu wa kwetu hawezi kuliacha lidondoke chini. Mikono ikiwa na moto, mtu ataitikia. Na akiitikia, hesabu imepotea. Ndiyo maana ukikatizwa ulimwaga. Siku Madam alipokuja kuuliza funguo za gari, ulimpa funguo, kisha ukayamwaga maganda yote ishirini na tano ukaanza upya, na Sir anapiga honi nje. "Khalas, nimekatizwa," ulisema, "namwaga."

Mzee wangu, sasa nafika kwenye siku yenyewe.

Nilirudi kutoka likizo Tabora siku ya Jumatano. Miezi miwili kwa mama yangu, miezi miwili ya kupiga goti kila asubuhi kwa kila aliyenizidi umri. Nilirudi na adabu zote za nyumbani, na chupa mbili za asali, moja yako. Nikaingia uani mbio. Sikusimama mlangoni. Nikapiga goti palepale sakafuni na mikono miwili nikaitoa. "Shikamoo, Mzee wangu!"

Ulikuwa umeshika kijiko. Ukainua kichwa. Uso wako ulivyofunguka, ee Mungu. "Marahaba, marahaba mwanangu! Wazima huko? Mama hajambo? Mvua zimenyesha?" Nikaanza kukumwagia habari. Nilikuambia kuhusu mguu wa mama, harusi ya mdogo wangu, ng'ombe aliyepotea na kuonekana, yote kwa pamoja, unajua mdomo wangu hauna kituo. Nawe ulikuwa unacheka, unaitikia, na mkono wako unaendelea.

Hukumwaga. Nadhani ulinionea huruma, hukutaka nione kwamba furaha yangu imekuharibia kazi.

Na mimi niliuona. Hili sikumwambia mtu kwa miezi mitano. Niliuona mkono wako ukimimina kwenye ganda la pembeni, ukaniuliza kuhusu mama, kisha ukarudi ukamimina kwenye ganda lile lile. Niliona, na ulinifundisha mwenyewe maana yake: baruti mara mbili kwenye ganda moja hupasua bunduki. Nikajisemea, huyu ni Mzee Mbwana, Kalunde ni nani wa kumwambia umekosea? Nikajisemea tena, atamulika na tochi. Siku zote unamulika, ganda moja moja, kabla ya kuweka kizibo. Basi nikaendelea na ng'ombe.

Halafu nikakuharakisha. "Yalla Mzee, funga hizo, asali inakungoja na mkate nimeupasha." Ukazifunga. Tochi ilibaki msumarini.

Ijumaa shambani ulifanya kama kawaida yako, ulipiga za kwanza mwenyewe kabla ya Sir kugusa bunduki. Mutua ndiye aliyewaendesha siku ile. Alisema ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili bunduki ilipasuka, na kipande kilikuingia shingoni. Alisema ulimtazama kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Sikutaka kusikia zaidi nikamfungia mlango wa jiko usoni, maskini, naye alikuwa analia.

Waliokuja kuchunguza walizifungua zilizobaki. Zote zilikuwa sawa na kitabu. Ni ile moja tu.

Basi watu wakapata jibu lao. Mzee amezeeka. Mzee alikuwa anasahau. Mutua akalisema, Madam akalisema, na likavuka bahari likafika Pangani kabla hata ya tanga kuanuliwa. Siku ya tatu mkeo alinipigia. Mama Zuhura aliongea taratibu sana. "Kalunde mwanangu, wewe ulikuwa naye kila siku. Niambie kweli. Mume wangu alikuwa ameanza kuchanganyikiwa? Huku wanasema akili zilishamtoka na mimi mkewe sikujua."

Nikamwambia, "Ndiyo mama. Ni umri."

Nilikuzika mara ya pili, Mzee wangu. Mtu asiyemchanganya hata mjukuu mmoja, nikamwita aliyepotewa na akili mbele ya mkewe, ili mimi nipike pilau ya Madam kwa raha. Raha yenyewe sikuiona. Nikienda makaburini, kule mchangani, nasimama mbali. Mimi Mkristo sijui dua zenu, na hata ningezijua, ningekuja kwako na uso gani?

Huenda ningekaa hivi hivi mpaka nife. Kilichonitoa ni Mutua. Juma lililopita Sir alimpa ufunguo wa chumba chako ajaribu kazi. Nikampelekea chai. Nikamkuta ana visikilizio masikioni, simu imesimama mezani inaonyesha video ya kujifunza, makopo mawili ya baruti yako wazi ubavu kwa ubavu, na kijiko kiko hewani. Akaniona akatabasamu. "Niaje, sister! Usijali, mzee alikuwa amezeeka tu. Mimi niko fiti, siwezi sahau."

Nilimpigia ukelele ambao mtaa mzima uliusikia. Trei ya chai ilikwenda chini. Nilimwambia weka hicho kijiko, weka sasa hivi, mwaga yote! Aliogopa, akaweka. Na hapo ndipo nilipoelewa kwamba uongo wangu ulikuwa umemkalisha pale. Nimemfundisha kwamba kinachoua ni uzee.

Nikaenda moja kwa moja sebuleni, aproni na yote, nikamweleza Sir. Goti, salamu, mkono, tochi, asali. Madam alikuwepo. Sir akauliza swali moja tu: kwa nini ulinyamaza? Nikasema, Sir, kwetu mdogo hamsahihishi mkubwa. Nilipojisikia nikisema hivyo nilitaka sakafu inimeze. Jioni ile ile mashine yako ilitolewa, na makopo yote yakachukuliwa na watu wenye kibali. Madam hajanisemesha tangu siku ile. Nimeomba kuondoka mwenyewe, na Jumapili naondoka.

Jana nilimpigia Mama Zuhura. Nilisema yote bila kupumua, maana ningepumua ningeacha. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo alikuwa na akili zake?" Nikasema timamu, mama, timamu kuliko sisi sote. Akasema alhamdulillahi. Akalisema mara tatu, la tatu likaishia kwenye kilio. Halafu akasema, "Usinipigie simu tena, Kalunde."

Ana haki. Sitampigia.

Nisamehe, Mzee wangu, ukiweza, na usipoweza ni sawa pia. Sikuombi uniache, endelea tu na huo mlio wako, nimeuzoea. Nakuahidi kwamba nikimwona mtu anakosea kwenye kazi inayoua, nitapiga kelele, awe baba yangu, awe askofu. Na nakuahidi jambo la pili. Nikishuka Dar sipandi gari la Tabora, napanda la Tanga, kisha Pangani. Nitakaa mbele ya watu waliosema umepotewa na akili, na mkeo akiwepo, nami nitawaambia ni nani aliyeona akanyamaza. Mama Zuhura amenikataza kupiga simu. Hakunikataza kwenda.

Kwaheri, Baba.

Kalunde