Dakika Ishirini za Alexander

Nansio, 9 Januari 2024

Mdogo wangu Rwekaza,

Salamu nyingi kutoka kisiwani. Sisi hatujambo, ila mbuzi wa jirani wamemaliza mihogo yangu ya nyuma ya nyumba, na mgongo unanisumbua nikipalilia. Wewe na wifi Justa mnaendeleaje? Barua hii nampa Gladness, anavuka na feri kufuata mitumba, maana kwenye simu kazi yako ni kuniambia utanipigia baadaye.

Hongera kwa ukocha mkuu. Nimecheka peke yangu jikoni. Wewe uliyekuwa mshambuliaji usiyempa mtu pasi, leo unafundisha wenzako kushirikiana!

Sasa nisikilize. Mwanangu Alexander yuko kwenye timu yako, na wewe ni mjomba wake. Daktari alimwambia goti lipumzike mpaka baada ya Pasaka, ndipo apimwe tena. Ana miaka kumi na tisa, kupumzika hajui. Nakuomba usimpange mpaka daktari aseme. Wewe ndiye kocha, nani atakupinga?

Dada yako,
Paskazia

Mkuyuni, 21 Januari 2024

Dada,

Shikamoo. Pole na mgongo. Justa anakusalimu, na Alexander pia, yupo hapa kwangu anakula ugali wa watu watatu. Goti limepungua uvimbe. Mazoezini nimempa kazi ya kuokota mipira na amenuna wiki nzima.

Unauliza nani atanipinga. Nilipokuwa mchezaji nami nilidhani kocha ni mfalme. Dada, orodha ya wachezaji naiandika Ijumaa, na Jumamosi ikisomwa naisikiliza kama mtazamaji. Hii timu yetu ya Mawe Matatu ina kamati ya ufundi, lakini ufundi wao si wa mpira, ni wa waganga. Mwenyekiti wao ni mzee Masele. Juzi ugenini alisema geti limewekewa dawa na wapinzani, tukaingia uwanjani kwa kuruka ukuta wa chooni. Nilikataa kwa dakika tano hivi, halafu nikaruka na suruali yangu ya kitambaa.

Lakini Alexander hatacheza. Hilo nakuahidi.

Mdogo wako,
Rwekaza

Nansio, 4 Machi 2024

Rwekaza,

Hujambo? Mimi sijui kama sijambo.

Jumamosi nilikuwa nachambua maharage, redio imewashwa, nikasikia mtangazaji akisema jezi namba tisa, Alexander. Nikafikiri ni Alexander mwingine. Baadaye akasema amefunga, watoto wa jirani wakaja kunipongeza. Halafu akasema ameanguka na machela imeingia. Baada ya hapo walipiga matangazo ya sabuni.

Nimekupigia simu mara kumi na moja. Wifi ameniambia tu kwamba mpo hospitali. Niandikie ukweli, hata kama ni mbaya.

Dada yako,
Paskazia

Mkuyuni, 7 Machi 2024

Dada,

Shikamoo. Gladness amesema unajiandaa kuvuka. Kabla hatujaonana naomba ujue yote, maana sidhani nitaweza kuyasema nikikutazama usoni.

Tulikuwa wa pili kutoka mkiani. Kamati ilikwishapeleka jezi kumi na moja kwa mtaalamu wao, pamoja na majina ya watakaozivaa. Namba tisa waliandika Alexander bila kuniuliza. Nilipomwambia Masele kwamba mtoto ni mgonjwa, akajibu taratibu kabisa: "Kocha, jezi imesomewa jina lake. Akivaa mwingine tunashuka daraja wote. Kama huwezi, yupo anayeweza, na ameshakubali."

Nikawaza, nikiondoka, huyo mwingine atamchezesha dakika tisini. Heri nibaki nimlinde. Nikamwita Alexander pembeni, tukapatana. Avae hiyo jezi, aingie, na dakika ya ishirini ajiangushe na kushika goti. Mimi nimtoe. Kujiangusha ni kazi niliyoifanya miaka kumi na mbili, nikamfundisha mpaka namna ya kukunja uso.

Dakika ya kumi na nane akafunga. Uwanja mzima ukaimba jina lake. Ya ishirini ikapita, nikampa ishara, akageuka kando kama hajaniona. Dakika ya thelathini na moja akaruka kugombea mpira, akatua vibaya, akaanguka.

Mimi nilitabasamu, dada. Nilidhani ndiyo ametii. Nikamwambia daktari wetu asikimbie, aende polepole ili refa aamini. Alexander alikuwa ananiita, nami nikawa namsifu moyoni kwamba anaigiza vizuri.

Kano za goti zimekatika. Watampasua kesho.

Nisamehe ukiweza.

Mdogo wako,
Rwekaza

Nansio, 28 Aprili 2024

Rwekaza,

Tumefika salama, na namshukuru Justa kwa chakula alichokuwa analeta wodini. Alexander anatembea na fimbo.

Hasira ninayo, sitakudanganya. Kinachoniuma si Masele, simjui. Kinachoniuma ni kwamba ulikuwa na mdomo, ukautumia kumfundisha mtoto kujiangusha.

Lakini hilo tuliache, nina shida kubwa zaidi. Daktari alisema mbele yako kwamba atatembea vizuri tu, ila mpira basi. Goti likiumia tena, atabaki mlemavu. Alexander hataki kusikia. Kila asubuhi anakwenda ufukweni kuruka kwa mguu mmoja mchangani. Nimemwambia, padre amemwambia. Anasema mjomba hajasema. Basi mwandikie wewe, au njoo, umwambie kwa kinywa chako kwamba mpira umekwisha. Atakusikia.

Dada yako,
Paskazia

Nansio, 16 Julai 2024

Rwekaza,

Miezi miwili na nusu na hujajibu. Najua uzima upo, nawasikia redioni mkisifiwa kwa kutoshuka daraja.

Alexander ameondoka leo na feri ya asubuhi. Ameondoka na viatu vya mpira tu na shati alilovaa. Masele alimpigia simu kwamba jina lake limeshapelekwa kwenye usajili. Nilimshika begi pale gatini, akaniachia, akapanda feri na viatu mkononi. Watu walikuwa wanatazama.

Mimi nimeshindwa. Akifika usimpe jezi.

Dada yako,
Paskazia

Igoma, 19 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Alexander amefika salama, ana afya, amelala kwangu siku tatu.

Barua yako ya Aprili niliijibu mara nne na kuchana zote. Kumwandikia mtoto kwamba amekwisha kulinishinda.

Jana nimemwambia, Justa akiwepo. Nimesema: "Mpira umekwisha, mwanangu, na aliyeumaliza ni mimi." Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Akauliza kama nimepewa mkataba mpya. Nikasema ndiyo, wa miaka miwili. Akasema, "Basi mjomba, acha na mimi nitafute wangu."

Leo nimekwenda kwa Masele nikamwambia namba tisa simpi. Akanionyesha orodha ya Jumamosi, imeshaandikwa, na jina la Alexander limo. Nimemwambia naacha kazi. Akasema sawa, niache funguo za stoo.

Nakuandikia nikiwa uwanja wa mazoezi hapa Igoma, nimekaa juu ya tairi. Alexander anakimbia. Anachechemea kila akikata kona, halafu anajifanya kama hakuchechemea. Nilimfuata nikamshika mkono, akautoa polepole, bila ubaya. Wenzake wameshaondoka. Nimepiga filimbi mara tatu, dada, na hasimami.

Mdogo wako,
Rwekaza