Kadi ya Jairo Isiungue

Jumatatu, 12 Julai 1999

Nepi kwanza, uji, halafu kompyuta. Mwanangu Nekesa amekohoa tangu alfajiri. Baridi ya mtaa wetu wa Jericho wiki hii haina huruma.

Nyumba niliyoichora inazunguka kwenye skrini kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani. Kidogo, inakwama. Kidogo, inakwama. Bwana wa ofisi ya ramani za nyumba anakuja Jumatatu ijayo kuiona. Ikizunguka vizuri, atakuwa ananiletea kazi hapa hapa nyumbani. Ikikwama, narudi kiwandani kupaki biskuti, Nekesa abaki kwa jirani na kifua hicho. Sitaki. Nimeandika ili nijue nimesema.

Jumanne, 13 Julai

Kaka yangu Jairo, fundi wa kompyuta mjini, amekuja saa ya lunch na kadi yake ya picha. Hiyo kadi ndiyo inayochora kila kitu kwenye skrini. Yangu imezeeka. Yake amejinyima mwaka mzima kuipata. Ameniazima.

Kabla niiguse alinishikisha chuma cha sanduku la kompyuta, eti umeme wa mwilini utoke. Akaniwekea na kiprogramu cha kuongeza mbio za kadi. Inakimbia tisini. Tisini ya nini? Megahezi. Haya. Sheria zake: panda kidogo, jaribu nusu saa, andika. Ukiona madoa kwenye skrini, teremka mara moja. Joto ndilo adui. Usiwe na pupa.

Akiondoka alisema, “Ukiichoma, sista, usinipigie simu. Nipigie magoti.”

Jumatano, 14 Julai

93. Nusu saa. Safi.
96. Nusu saa. Safi. Nekesa alilala wakati huo wote, shukuru Mungu.

Kila mara nazima, nachomoa waya, nagusa bati la kadi kwa mgongo wa kidole, vile ninavyompima mtoto homa. Vuguvugu tu. Naogopa lakini ni woga mtamu.

Baba Nekesa ametoka karakana ya reli akauliza kama kompyuta imezaa, maana kila akiingia niko nayo na daftari.

Alhamisi, 15 Julai

99 kabla ya stima kupotea. Safi.

Mama mkwe amefika kutoka Bungoma. Atakaa mpaka mwisho wa mwezi. Amekuja na kuku, mahindi, na mfuko wa vitambaa alivyoshona mwenyewe. Kufikia jioni redio imevaa, televisheni imevaa, thamosi imevaa, viti vyote vimevaa. Nyumba inapendeza, siwezi kusema uongo. Ila nimechoka. Kuwa na mkwe ni kukaa wima siku nzima.

Ijumaa, 16 Julai

102, safi. 105, madoa mekundu kwenye paa la nyumba yangu. Nikateremka mara moja. Jairo alisema usikae ukingoni, kwa hiyo nimekaa 100. Nusu saa, hakuna doa. Nyumba inazunguka kama maji. Mlango, dirisha, tangi, mlango tena.

Nilimbeba Nekesa tukacheza sebuleni. Mama alicheka, mikono ikishona. Kitambaa kingine, maua ya njano. Sikuuliza cha nini.

Jumamosi, 17 Julai

Siku mbaya.

Jairo alitaka jaribio refu la muda wa saa tatu. Niliiacha nyumba ikizunguka nikampeleka Nekesa kliniki. Kifua kinapona. Nikarudi na furaha.

Skrini imeganda. Madoa kila mahali. Mama na akina mama wa kanisa walikuwa wakimaliza maombi, wakanihurumia kwa kikombe cha chai. Nikazima, nikawasha. Nikateremka hadi 90. Dakika kumi, ikaganda. Nikaiacha ipumzike kidogo, nikawasha. Ikaganda.

Nimeichoma.

Nilienda kibanda cha simu nikampigia Jairo. Alisema niilete kesho. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Jumapili, 18 Julai

Kanisani sikusikia hata neno moja.

Jana jioni nilikuwa nimewasha tena, bure. Leo baada ya chakula nikawasha mara ya mwisho. Ikaganda. Nikazima nitoe kadi nimpelekee mwenyewe. Nikapeleka mkono kwenye sanduku na ndipo nikakishika. Kitambaa. Maua ya njano. Kinafunika sanduku lote isipokuwa uso wenye swichi, kimeshuka nyuma mpaka chini, kimechomekwa vizuri ukutani. Kilikuwa moto kama shali iliyotoka kwa mtoto mwenye homa.

Tangu jana nimekitazama bila kukiona. Katika nyumba hii kila kitu kimevaa.

Nilikitoa. Nikangoja sanduku lipoe kabisa. Nikawasha, 90, nusu saa. Safi. 100, saa nzima. Safi. Nililia, kisha nikaosha uso, maana kazi iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko kadi.

Nilimletea Mama chai na kitambaa nimekikunja juu ya mkono. Nikamwambia nimekipenda, ila hakiwezi kukaa pale.

“Wageni walikuwa wanakuja,” akasema. “Lile sanduku lilikuwa uchi peke yake.”

“Linapumulia nyuma, Mama. Weka mkono.”

Aliinama akaweka. Alikaa hapo kitambo akisikia ule upepo wa moto. Nilidhani atakasirika, na nilikuwa nimeapa sitarudi nyuma hata akikasirika.

“Sasa Mama Nekesa,” akasema, “ungeniambia mapema ya kwamba linapumua.”

Nikakimbia kibandani. Jairo alicheka mpaka sarafu zikaisha.

Jumatatu, 19 Julai

Bwana wa ramani alikuja saa nne. Mama alimpa kiti chenye kitambaa kizuri zaidi. Nyumba ilizunguka, mara tano, mara sita, bila kukwama. Aliuliza kama inaweza kuzunguka upande ule mwingine. Ikazunguka. Hakuuliza habari ya megahezi hata moja. Ameacha ramani mbili. Nyingine Ijumaa.

Jairo amesema nikae na kadi hadi nipate yangu. 100, nisipande zaidi. Sina haja ya kupanda.

Jumanne, 20 Julai

Nimefanya kazi mpaka saa kumi na moja. Nekesa hakukohoa leo.

Nilipozima, Mama aliuliza kama amelala. Nikasema mtoto amelala, ndiyo. Akasema hapana, yule mwingine. Nikamwambia amezimwa, ila bado ana joto, tungoje kidogo.

Akakaa karibu na sanduku, kitambaa cha maua ya njano mapajani. Kila baada ya muda alikuwa akiligusa kwa mgongo wa kidole. Lilipopoa, akalifunika.