Asteria, Uliyeitwa Mama Kulwa Kabla ya Wakati

Mwaka umezunguka, Mama Ngusa, tangu utuache, na pale kwenye kibanda chako cha chakula Maganzo wachimbaji bado wanataja maharage yako.

Ulikuwa na huruma hadi ukanikera. Aliyetoka shimoni mikono mitupu naye alikula, na mimi mumeo nikinung'unika ulinijibu, "Baba Ngusa, njaa haingoji almasi." Michembe mizuri ya viazi vikavu ulimwekea Ngusa ya shule, mimi ukaniachia iliyovunjikavunjika, huku ukicheka.

Kisha mimba hii ya pili ikakuvimbisha miguu, na uso pia. Kwetu mjamzito akivimba hivyo, watu wanaona mapacha. Soko zima likawa linakusalimia, "Wangaluka, Mama Kulwa!" Mama yako Bernadina akanunua kanga mbili za kubebea, ya Kulwa na ya Doto, majina yetu ya mapacha. Nawe kwa kupenda utani ukaitika. Ukavaa kandambili zangu maana zako zilikubana.

Nesi alikwambia presha imepanda, kama ilivyopanda kwenye mimba ya Ngusa, urudi upesi. Kichwa kilipouma na macho kuona ukungu, tukasema ni moshi wa kuni, ni mapacha hao. Kumbe kifafa cha mimba kilikuwa kinakuja. Kilikuangusha kando ya jiko. Hospitalini alitoka mtoto mmoja, wa kike, mzima. Wewe hukuamka. Inatuuma mno.

Tumempa jina lako. Anatambaa sasa, anaburuta ile kanga ya Doto nyumba nzima.

Na leo tuna hofu nyingine. Mdogo wako Ritha ni mjamzito kule Geita, na viatu vimeanza kumkataa. Mama yako alikwenda kumwona. Jirani alipoanza tu, "Hao ni Kulwa na Doto," Mama akamkatiza, "Nyamaza! Apimwe presha kwanza." Wakamlaza siku hiyohiyo. Presha inashuka, inapanda tena. Tukipiga simu hatuulizi wako wangapi tumboni. Mwombee mdogo wako, Asteria, arudi nyumbani.

Tunaokukumbuka: mumeo Jilala, watoto wako Ngusa na Asteria mdogo, mama yako Bernadina, wachimbaji uliowalisha, na Ritha, aliyepiga simu kutoka wodini kuhakikisha jina lake limeandikwa hapa, pamoja na sisi tuliobaki.

Hatutakusahau kamwe, Mama Ngusa.